Jinsi ya kupiga hesabu ya migahawa na baa za Texas, zinachangia nini hasa kwenye uchumi wa jimbo

Wadau habari zenu. Hii naiandikia watu wetu walioko Texas, wa Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene mpaka kule Amarillo, maana kila siku nakutana na mtu anataka kufungua mgahawa, au kikundi kinataka kwenda kuongea na watu wa jiji wapewe eneo la kuuzia chakula, na wote wanakuja wameshika namba moja kubwa waliyoiokota mahali, eti sekta ya migahawa inaliingizia jimbo mabilioni kadhaa ya dola, afu ukiuliza mabilioni ya nini, mauzo au mishahara au pato, hakuna anayejibu. Mimi nimekaa jikoni Houston miaka kadhaa, siku hizi nashika vitabu vya hesabu vya migahawa midogo, na nimeona namba ya hivyo ikimuumiza mtu. Dada mmoja ninayemheshimu sana alionyeshwa ripoti na aliyekuwa anampangisha fremu, imeandikwa kila dola inayotumika mgahawani inazalisha dola mbili jimboni, dada akaelewa kwamba pale hela inarudi mara mbili, akasaini miaka mitano. Ripoti ilikuwa inaongelea jimbo zima, yeye akaisoma kama inaongelea droo yake ya hela. Alihangaika na lile pango mpaka mkataba ukaisha.

Kwahiyo tuanzie hapo. Kabla hujafungua kompyuta, amua unataka kujua nini.

Chukua sahani moja ya nyama choma, ugali na kachumbari, inauzwa dola 20 (namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako). Hizo 20 ni mauzo. Ile kodi ya mauzo anayoongezewa mteja juu yake iweke pembeni, jimbo linachukua asilimia 6.25 na jiji na wenzake wanaweza kuongeza mpaka 2, ndo maana sehemu nyingi unaona 8.25, hiyo umeishika tu kwa niaba ya serikali. Sasa tuseme nyama, unga, nyanya, pilipili na mkaa vimekula dola 7. Pango, umeme, bima, vifungashio na makato ya zile app za kupeleka chakula, dola 4.50. Jumla 11.50 zimekwenda kwenye biashara za watu wengine, hayo watu wa takwimu wanayaita matumizi ya kati. Zinabaki 8.50, na humo ndo unatoka mshahara wa mpishi na weita, kodi kama ile ya mali, na kinachobaki kwa mwenye mgahawa. Hiyo 8.50 ndo ongezeko la thamani. Ukijumlisha ongezeko la thamani la kila biashara Texas nzima ndo unapata pato la jimbo, ambalo mwaka 2023 lilizidi dola trilioni 2.5.

Mbona tusijumlishe zile 20 moja kwa moja? Kwa sababu ndani yake kuna nyama, na mwenye machinjio ameshaihesabu kwenye mauzo yake, na mfugaji ameshaihesabu kwenye yake, ukijumlisha yote ng'ombe mmoja anahesabiwa mara tatu. Ukimsikia mtu anachukua mauzo ya migahawa anayagawa kwa pato la jimbo anakwambia "sisi ni asilimia fulani ya uchumi", mrudishe kwenye hii sahani.

Ukishaelewa hapo, nenda katafute namba za kweli. Na kuna kitu kinatupotosha sana sisi Waswahili, neno hoteli. Kwetu hoteli ni ya kulala na pia ni pale unapokula wali maharage, lakini kwenye takwimu za Marekani ni vitu viwili. Kila biashara ina namba ya NAICS, ule mfumo wa kupanga biashara kwa aina zake, na 72 ni fungu kubwa lenye vyote viwili, 721 ni malazi, 722 ni vyakula na vinywaji. Unayoitaka wewe ni 722. Ndani yake 722511 ni mgahawa wa kukaa ukahudumiwa na weita, 722513 ni ule unaolipia kaunta kwanza, 722410 ni baa, na 722330 ni magari ya chakula na mikokoteni. Wapishi wa sherehe wapo 722320, hawa msiwasahau, nitawarudia chini.

Chanzo cha kwanza ni BEA, ile ofisi ya serikali kuu inayotengeneza pato la taifa la Marekani. Ingia kwenye majedwali yao ya majimbo, tafuta lile la SAGDP2, chagua Texas, shuka mpaka kwenye mstari wa huduma za chakula na sehemu za vinywaji. Hiyo ndo ongezeko la thamani kwa dola za mwaka husika. SAGDP9 ni hiyohiyo iliyoondolewa mfumuko wa bei. Kuwa makini, zile za robo mwaka wanakupa fungu la 72 zima, yaani na malazi humohumo, kwahiyo kwa kazi hii tumia za mwaka mzima.

Sasa wengi wanataka thamani ya uzalishaji, ile namba kubwa inayobeba na matumizi ya kati. Kwenye majedwali ya majimbo huikuti, wanaitoa kwa nchi nzima tu. Unachofanya, chukua ongezeko la thamani la 722 la nchi nzima, ligawe kwa thamani ya uzalishaji ya 722 ya nchi nzima mwaka huohuo, utapata uwiano, afu chukua ongezeko la thamani la Texas uligawe kwa huo uwiano. Mfano uwiano ukitoka 0.5, kila dola moja ya ongezeko la thamani imesimama juu ya dola mbili za uzalishaji. Ni makadirio, na kwenye karatasi yako andika hivyo kwamba ni makadirio na umeyapataje. Mtu wa benki akikuuliza ukamweleza hizo hatua atakuheshimu kuliko aliyekuja na namba ya kuokota.

Ukitaka mauzo yenyewe kuna sensa ya uchumi inayofanyika miaka inayoishia na 2 na 7, ya karibuni ni ya 2022, inafuata ya 2027. Hiyo inauliza biashara zenyewe, inakupa mauzo, idadi ya biashara na mishahara kwa jimbo. Katikati ya hiyo miaka mitano unatumia data za kodi, na hapa ndo Texas inapendeza kuliko majimbo mengi.

Hii sehemu naomba usome taratibu. Ofisi ya Comptroller wa Texas, yaani mkusanya kodi wa jimbo, inaweka hadharani mapato ya pombe ya kila baa na kila mgahawa wenye kibali cha kuuza pombe kali na vinywaji mchanganyiko. Kila mmoja, kwa jina la biashara na anwani, mwezi kwa mwezi. Ukiingia data.texas.gov ukatafuta mapato ghafi ya vinywaji mchanganyiko (kwa Kiingereza Mixed Beverage Gross Receipts) utaona jedwali lina safu ya pombe kali, safu ya wain, safu ya bia, safu ya kiingilio cha mlangoni, afu jumla. Mara ya kwanza kuiona nilidhani wamekosea kuiacha wazi. Haijakosewa, ni sheria ya huku, na maana yake wewe unayetaka kupanga fremu kwenye mtaa fulani unaweza kukaa nyumbani ukajua ile baa ya jirani mwezi wa nne iliuza bia ya dola ngapi. Yule dada yangu angeijua hii asingemsikiliza mwenye fremu.

Jinsi ya kuisoma: chuja kwa kaunti au kwa zip code (namba ya posta ya eneo), pakua kama faili la Excel, jumlisha safu ya mwisho kwa miezi 12. Mwenye kibali analipa asilimia 6.7 ya hayo mapato kutoka mfukoni mwake na mteja analipa 8.25 juu ya bei, viwango hivyo vipo tangu Januari 2014, kabla ya hapo mwenye baa alikuwa anabeba 14 peke yake. Kwahiyo baa ikiuza dola 40,000 kwa mwezi, 2,680 ni za kwake kulipa, na 3,300 ni zile alizowakusanyia wateja, jumla 5,980 zinakwenda kwa jimbo kutoka kwenye kaunta moja. Ukitaka kuonyesha wakubwa wa jiji kwamba mtaa wenu una faida kwao, hii hesabu inawaingia haraka kuliko maneno mengine yote.

Ila ina mashimo mawili. La kwanza, chakula hakimo, nyama choma zote hazipo pale, kwa chakula nenda kwenye ripoti za robo mwaka za kodi ya mauzo za ofisi hiyohiyo ambazo zimegawanywa kwa aina ya biashara na kwa kaunti, lakini siyo kwa biashara mojamoja. La pili, wenye kibali cha bia na wain peke yake hawalipi hii kodi, wapo kwenye kodi ya mauzo ya kawaida, na vijiwe vyetu vingi ni vya aina hiyo, usipowaona kwenye orodha usiseme hawauzi.

Na mgahawa na baa unavitofautishaje? Angalia mlangoni. Texas biashara ambayo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake yanatoka kwenye pombe inayonywewa palepale inatakiwa kubandika tangazo lenye 51% kwa rangi nyekundu, ni sheria ya silaha, kukataza watu kuingia na bunduki. Lakini kwa mtafuta takwimu ni alama nzuri mno, ukiona ile 51 ujue hapo chakula ni cha kusindikizia bia.

Ajira. Hapa tumia QCEW, hesabu ya ajira na mishahara ya BLS, ile ofisi ya takwimu za kazi ya serikali kuu, inatoka kila robo mwaka mpaka ngazi ya kaunti. Tafuta Texas, 722, utakuta ajira zaidi ya milioni moja. Houston ni kaunti ya Harris, Fort Worth na Arlington ni Tarrant, San Antonio ni Bexar, Austin ni Travis, Abilene ni Taylor. Jimbo lina kaunti 254, na zile ndogo utakuta namba imefichwa kwa sababu biashara ni chache na mtu angeweza kumjua jirani yake, usiweke sifuri hapo, andika haijatolewa.

Jambo la kukumbuka kwenye QCEW, inahesabu ajira, haihesabu watu. Nina mdogo wangu asubuhi anakaanga kuku sehemu moja na jioni anaosha vyombo sehemu nyingine, pale yeye ni ajira mbili. Ukisema sekta ina watu milioni na ushee utakuwa umekosea, sema ajira. Na mwenye mgahawa asiyejilipa mshahara hayumo kabisa.

Kuhusu mishahara, ile jumla ya QCEW inabeba na tipu, lakini zile zilizoripotiwa. Weita wa Texas kisheria anaweza kulipwa dola 2.13 kwa saa, kima ambacho serikali kuu haijakigusa tangu 1991, mradi tipu zimfikishe 7.25, zisipofika bosi anatakiwa kuongezea. Maana yake sehemu kubwa ya kipato cha weita inatoka mkononi mwa mteja. Tipu ya keshi isiyoripotiwa inapotea kwenye takwimu, na yule weita anapoenda kuomba mkopo wa nyumba anaonekana hana kipato. Nawaambia hili vijana wetu kila siku, iandike.

Sasa, ukishapata namba za miaka kadhaa usikimbilie kusema sekta imekua. Bei za kula nje zilipanda kwa asilimia 7.7 mwaka 2022 na 7.1 mwaka 2023. Zidisha 1.077 kwa 1.071 unapata kama 1.153. Mgahawa uliouza dola 500,000 mwaka 2021 na 560,000 mwaka 2023 umeongeza asilimia 12 kwenye karatasi, lakini bei zimepanda 15 na kitu, kwahiyo sahani zilizotoka jikoni zimepungua kama asilimia 3. Nimeona mtu anasherehekea mwaka ambao kwa ukweli alihudumia watu wachache, na mwaka uliofuata akashangaa mbona hela haitoshi.

Na mwaka wa kuanzia kulinganisha usichukue 2020, tafadhali. Machi mwaka ule Gavana Greg Abbott alisimamisha kula ndani, baa zikafunguliwa tena Mei 22 kwa robo ya watu, Juni 26 zikafungwa upya. Nchi nzima mwezi Aprili peke yake migahawa na baa ilipoteza ajira milioni 5.5. Ukianzia hapo hata biashara inayosuasua itaonekana imepaa. Tumia 2019 kama msingi. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 sheria iliruhusu kwa kudumu kuuza kokteli za kubeba pamoja na chakula, ruhusa iliyoanza kama ya dharura, kwahiyo mauzo ya pombe ya mgahawa baada ya hapo yana mlango ambao zamani haukuwepo.

Tumefika kwenye kile kizidishio kilichomponza dada, yaani ile "kila dola inazalisha dola mbili". Dhana yenyewe ni ya kweli, shida ni matumizi. Mgahawa wa Houston ukinunua nyama ya ng'ombe, kuna uwezekano mkubwa imetoka viwanda vya nyama vya kaskazini kule Panhandle, Amarillo na jirani zake, ambako ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Congo na Somalia wanasimama kwenye mstari wa kukata nyama, na visu na baridi lile. Sehemu ya ile dola 20 inamlipa yule ndugu. Hiyo inaitwa athari isiyo ya moja kwa moja. Afu yeye na mpishi wa Houston wakienda kununua viatu vya watoto au kulipa kinyozi, hiyo ni athari ya matumizi ya kaya. Ukiweka mauzo ya mwanzo na hizo mbili juu yake ndo unapata "dola mbili". BEA wanauza vizidishio hivyo kwa jina la RIMS II, aina ya kwanza inaishia kwa wauzaji wa malighafi, ya pili inaongeza na matumizi ya kaya, kuna na programu ya IMPLAN ambayo washauri wengi wanaitumia. Ukisoma ripoti yoyote uliza ni aina gani, na imezidishwa kwenye mauzo, ajira au mishahara, maana kila kimoja kina kizidishio chake.

Swali kubwa zaidi ni hela imetoka wapi. Mgeni aliyekuja San Antonio kutembea River Walk, au aliyekuja Austin mwezi wa tatu kwa ajili ya tamasha la SXSW, au Houston kwenye maonyesho ya Rodeo, huyo ameleta hela ambayo Texas haikuwa nayo, hapo kizidishio ni halali. Lakini mkazi wa mtaani kwako aliyekuwa anakula kwa Mama Fulani afu sasa anakula kwako, jimbo halijapata kitu kipya, hela imevuka barabara tu. Kwahiyo kabla ya kuzidisha, kadiria ni asilimia ngapi ya wateja wanatoka nje ya jimbo, na zidisha hiyo sehemu peke yake. Ukiweza kaa mlangoni wiki mbili na daftari uulize watu wametoka wapi, nimefanya hivyo kwa mgahawa mmoja na tuligundua wengi wa wikendi walitoka Louisiana, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kulijua.

Na toa kinachovuja. Unga wa mahindi tunaouagiza mbali, majani ya chai, samaki wa kuganda, hiyo hela inatoka Texas siku hiyohiyo. Vizidishio vya jimbo vinabeba wastani wa migahawa yote, jiko letu linaloagiza vitu vingi kutoka nje huenda linavujisha zaidi ya ule wastani.

Nilisema nitarudi kwa wapishi wa sherehe. Akina mama wetu wanaopika pilau la watu 300 kwenye harusi, sambusa za msiba, vitumbua vya Idi. Wengi hawana mfanyakazi wa mshahara, wanasaidiana na shangazi na majirani, kwahiyo QCEW haiwaoni. Kuna takwimu nyingine ya ofisi ya sensa kwa ajili ya biashara zisizo na waajiriwa, inachukua yeyote aliyetangaza mapato ya dola 1,000 au zaidi kwenye ripoti yake ya kodi. Bila hiyo ripoti ya kodi mama hayupo kwenye takwimu za jimbo. Namjua mmoja alipika miaka kumi bila kuandika hata senti, siku kikundi kilipoombwa kionyeshe kwamba chakula cha Kiafrika kina soko kwenye ile kaunti, namba rasmi za wapishi wa sherehe zilikuwa ndogo mno na hatukuwa na cha kuweka mezani zaidi ya picha za masufuria. Mwaka uliofuata tulikaa naye mezani kwake na bahasha ya risiti, mchele, nyama, gesi, kukodi sufuria, tukajaza Schedule C, fomu ya kodi ya mapato ya biashara ya mtu binafsi, mstari kwa mstari mpaka usiku. Sasa kila akimaliza sherehe anaandika kwenye daftari la shule tarehe, watu wangapi, kalipwa ngapi, katumia ngapi, na mwezi wa pili unapofika ananipigia simu yeye mwenyewe kuuliza nakuja lini.